Wazazi tuambiwe watoto wanasoma nini, si michango peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo linalotuhusu wazazi na walezi wenye watoto katika shule za msingi hapa Moshi. Taarifa zinazotoka shuleni kuja nyumbani si chache siku hizi, lakini karibu zote zinahusu mambo matatu: michango, mitihani na nidhamu. Tunaambiwa fedha ya chakula ilipwe lini, mtihani wa mwezi unaanza lini na nywele zinyolewe kiasi gani. Kile ambacho mtoto anakaa darasani kujifunza tangu asubuhi hadi alasiri, yaani shughuli yenyewe iliyompeleka shule, ndicho tusichoambiwa.

Nitoe mfano wa jioni ambayo wazazi wengi wataitambua. Saa mbili usiku mtoto wa darasa la pili anakumbuka kwamba mwalimu amesema kesho kila mmoja aende na vifuniko ishirini vya soda. Mangi anafunga duka, mama amechoka, na hakuna mtu mzima nyumbani anayejua vifuniko hivyo ni vya nini; mmoja anasema shule imebuni mchango mwingine, mwingine anachukua tochi na kwenda kuokota mbele ya grosari. Kumbe wiki hiyo darasa linaanza kujumlisha namba zenye tarakimu mbili: vifuniko kumi vikifungwa pamoja katika mfuko vinahesabiwa kuwa kumi moja, vinavyobaki nje ni mamoja, na mtoto anaishika kwa mkono ile namba iliyoandikwa ubaoni. Huo ni ufundishaji mzuri, na simlaumu mwalimu kwa kuagiza vifuniko. Lakini mwalimu huyo alijua wiki kadhaa kabla kwamba somo hilo linakuja, kwa kuwa limo katika azimio lake la kazi, yaani mpango wa mada atakazofundisha mwaka mzima. Nyumbani nasi tungelijua, vifuniko vingekusanywa taratibu bila ugomvi, na mtoto angerudi kesho yake akakaa na dada yake wakavipanga kumi kumi tena.

Katika kusoma, ukimya huu una madhara makubwa zaidi. Watoto wa darasa la kwanza na la pili hufundishwa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, tunazoziita KKK, na kusoma huanzia kwenye sauti ya herufi, si jina lake. Mtoto akionyeshwa herufi m anabana midomo na kuitamka sauti yake, kisha anaiunganisha na a, anapata ma. Wengi wetu tulianza kwa kukariri a, be, che, de, na ndivyo tunavyowafundisha wanetu mezani. Hapa kwetu kuna watoto wengi wanaolelewa na bibi zao huko Uru, Kibosho na Old Moshi wakati wazazi wanatafuta riziki mjini au mikoani. Bibi akimsikia mjukuu anavuma "mmm" mbele ya daftari, humkemea aache mchezo asome. Mtoto wa miaka sita au saba anabaki katikati ya walimu wawili wanaopingana, na kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, hamwambii yeyote kati yao. Mistari mitatu ya maelezo kutoka kwa mwalimu wa darasa, iliyoandikwa mwanzoni mwa mwaka, ingemwondolea bibi huyo wasiwasi na kumfanya msaidizi wa kweli.

Haja hii imekuwa kubwa tangu mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024, kwa kuanzia na elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Zipo nyumba ambamo kaka anafuata mtaala wa zamani na mdogo wake anafuata mpya, vitabu havirithishwi, na majina ya masomo hayafanani. Mzazi anaona katika daftari "Historia ya Tanzania na Maadili" na hajui kama ni somo jipya au ni Uraia uliobadilishwa jina. Lipo na kubwa kuliko hilo. Kwa mpangilio wa mtaala huu elimu ya msingi ni miaka sita, kwa hiyo watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia kwa darasa moja wanamaliza la saba. Ni jambo la kujiandaa kwa akili na kwa mfuko, hasa kwa familia yenye watoto wawili waliofuatana. Nimewasikia wazazi wakilijadili kwenye kijiwe cha bodaboda, kila mtu na toleo lake. Habari ya namna hiyo haikupaswa kutufikia kwa njia hiyo.

Nitaambiwa kwamba yapo makundi ya WhatsApp ya kila darasa, na kwamba ipo mikutano ya wazazi. Makundi nayajua. Ujumbe wa mwalimu hutumwa asubuhi, na ikifika jioni umefunikwa na salamu za Ijumaa, tangazo la vitenge na pole za msiba. Mwenye simu ya kitochi hayumo kabisa, na aliyeishiwa bando anaingia baada ya siku tatu akute ujumbe mia mbili. Isitoshe, baadhi ya makundi hayo yamegeuzwa ubao wa matokeo: orodha ya majina na alama, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, mbele ya majirani wote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na alama za mtoto pamoja na picha yake ni taarifa zake binafsi kama zilivyo taarifa za mtu mzima. Mzazi anastahili kuzijua alama za mwanawe. Hana haja ya kuzijua za mtoto wa jirani.

Ama mikutano, mara nyingi huitishwa saa tatu asubuhi katikati ya wiki, wakati mama wa Mbuyuni yupo kwenye meza yake ya nyanya na baba ambaye ni mpagazi yupo mlimani. Safari ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame huchukua siku sita au saba, na msimu wa watalii ukichanganya, mpagazi anashuka leo na kupanda tena keshokutwa. Anayeweza kuhudhuria anakuta ajenda imejaa michango, jambo ambalo lina sababu yake, kwani tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 mchango wowote unahitaji ridhaa ya wazazi, na ridhaa haipatikani bila maneno mengi. Mpaka mwalimu wa taaluma anaposimama, nusu ya watu wameshaondoka.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji mradi wala mfadhili. Kila mwanzo wa mwezi, kila mwalimu wa darasa aandike maelezo mafupi yasiyozidi robo ya karatasi: mada zitakazofundishwa mwezi huo katika masomo makuu, vifaa ambavyo mtoto ataagizwa na sababu yake, shughuli za nje ya darasa kama michezo, bustani au ziara ya kujifunza, na jambo moja ambalo mzazi anaweza kulifanya nyumbani hata kama hakusoma sana. Jambo hilo liwe la kutendeka, kama vile kumwachia mtoto ahesabu chenji anaporudi dukani, au kumsikiliza akisoma kwa sauti wakati unamenya ndizi. Maelezo yabandikwe pia kwenye ubao nje ya geti, mahali ambapo mtu hahitaji kuingia ofisini kuyasoma.

Najua walimu wana mzigo. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, na sote tunajua madarasa yetu yako wapi. Ndiyo maana sitaki mwalimu atunge kitu kipya; mada zipo katika azimio la kazi, na kuzinakili ni kazi ya dakika chache. Karatasi nazo si nyingi. Darasa la watoto 100 linahitaji karatasi 25 za A4 zilizokatwa mara nne, na kwa miezi kumi ya masomo ni karatasi 250, yaani nusu ya rimu. Darasa la tatu na kuendelea hata hizo hawazihitaji: mwalimu aandike ubaoni, watoto wanakili kwenye daftari maalumu, iwe ni zoezi la mwandiko siku hiyo, mzazi atie sahihi. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto mwenyewe, na hilo nalo ni zoezi.

Shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zisidhani kuwa barua hii haizihusu. Nyingi zimetuzidi kwa utaratibu, zinatuma barua zenye nembo na ratiba nzuri ya muhula, ila zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu kwa mzazi ambaye amemlipia mwanawe ada hiyo kwa sababu yeye mwenyewe Kiingereza hakukipata. Waandike kwa Kiswahili, au kwa lugha zote mbili. Heshima ya shule haitapungua.

Faida ya taarifa hizi haiendi upande mmoja. Likifika somo la hali ya hewa na uoto wa mlima, shule zetu zina hazina ambayo nadhani hakuna shule ya Dar es Salaam iliyo nayo: baba anayeanza safari yake chini ya miti mikubwa ya msituni, akapita kwenye vichaka, akafika kwenye mawe matupu na barafu, akashuka wiki hiyohiyo. Akijua kwamba mwezi huu darasa la mwanawe linasoma hayo, atakuja kuzungumza na watoto siku ambayo hayuko kazini, na huenda siku hiyo ikawa mara yake ya kwanza kuitwa shuleni kwa jambo lisilo deni wala kosa la mtoto. Hali kadhalika fundi cherehani kwa somo la vipimo, na bibi wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, kwa kahawa na migomba.

Wa kulianzisha wapo. Kamati za shule zipo kisheria, na shule nyingi za Serikali zina UWAWA, ushirikiano wa wazazi na walimu wenye wawakilishi wa kila darasa, ambao wanaweza kumsaidia mwalimu kudurufu na kuhakikisha karatasi zinafika hata kwa wasiofika mikutanoni. Maafisa elimu wa kata wanaweza kuongeza swali moja wanapokagua: barua ya mwezi huu iko wapi? Muhula wa pili utakapofunguliwa Julai, mimi nitaomba katika kikao cha shule ya mwanangu jambo hili liwe ajenda ya kwanza, kabla ya michango, wakati watu bado wamo ukumbini. Nawaomba wazazi wenzangu wa Pasua, Njoro, Majengo na Kiboriloni waombe hivyo hivyo katika shule zao.

Mzazi wa shule ya msingi,
Pasua, Moshi