Kilo 98,5 isigeuke 985

Area C, Dodoma

Kaka wa Kibaigwa,

Mbukwa! Habari za huko na vumbi la malori? Ujumbe wako umefika pamoja na picha ya fomu ya programu unayoiandika kwa C# kwa ajili ya mizani ya sokoni. Umeuliza namna ya kumzuia karani wa mizani asiandike herufi kwenye kisanduku cha uzito. Nitakujibu, ila herufi zisikusumbue sana. Akiandika "abc" kila mtu anaona. Ogopa tarakimu tupu zinazopita salama huku namba yenyewe ni ya uongo.

Chukua gunia la kilo 98 na nusu. Karani anaandika 98,5 kwa mkato. Wewe unasoma kwa decimal.TryParse ya kawaida, yaani amri ya C# inayogeuza maandishi kuwa namba, na kompyuta imepangwa kwa mtindo wa Kiingereza, ambako mkato hutenganisha maelfu. C# haikagui kama baada ya mkato zipo tarakimu tatu. Inautupa tu, inakurudishia 985 na kukwambia mambo ni sawa. Gunia moja linalipwa kama kumi! Hamishia programu hiyohiyo kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa: 98,5 inasomwa vizuri, na 98.5 ndiyo inayokataliwa.

Kwa hiyo usiiachie Windows ikuamulie. Weka using System.Globalization juu ya faili, kisha andika:

decimal.TryParse(txtUzito.Text.Trim(), NumberStyles.AllowDecimalPoint, CultureInfo.InvariantCulture, out uzito)

Hapo desimali ni nukta peke yake. Mkato, alama ya kutoa na nafasi katikati ya tarakimu vyote vinagonga mwamba. Usijifanye mwema ukageuza mkato kuwa nukta kimyakimya, maana siku atakapoandika 1,200 akimaanisha jumla ya shehena utapata kilo moja na gramu mia mbili. Mrudishe aandike upya. Bei ina mambo yake: huko watu huandika 1,200/= kwa mazoea, na si kosa lao. Ondoa "/=" ya mwisho, hakikisha kila mkato unafuatwa na tarakimu tatu kamili, ndipo uondoe mikato na kusoma.

Kuchuja herufi kwenye KeyPress (tukio la kila kibonye kinapobonyezwa) weka ukipenda, ila ruhusu char.IsControl, yaani vibonye visivyoandika herufi, la sivyo Backspace itakufa na karani atakulaani. Chujio hilo ni la kumpunguzia makosa, halimalizi ukaguzi. Anayebandika kwa kubofya kulia na mausi halimgusi kabisa, na nukta mbili, kama 9.8.5, zinapita.

Sasa mipaka. Kisheria gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, unaijua kuliko mimi. Ukiweka 100 kama ukuta, gunia la kilo 118 lililosimama pale juu ya mizani halitaingia, na karani ataandika 100 ili kazi iende. Umemfundisha kudanganya. Mimi ningeweka ngazi mbili: sifuri na kushuka, au zaidi ya 200, kataa kabisa; kati ya 100 na 200, toa onyo, mwache athibitishe, na uweke alama kwenye rekodi. Hiyo 200 ni makadirio yangu, wewe uliye sokoni ipange.

Umesema pia unafikiria NumericUpDown, kile kisanduku cha namba chenye vishale vya kupandisha na kushusha. Kwa idadi ya magunia inafaa, kwa uzito siipendi. Kikomo chake cha juu, usipokibadilisha, ni 100, na desimali ni sifuri. Mtu akiandika 118 kisha akahama, inageuka 100 bila neno lolote. Akizungusha gurudumu la mausi wakati kishale kiko humo, namba inabadilika. Akifuta kilichomo, kisanduku kinaonekana kitupu lakini Value, namba ambayo programu inaisoma, bado imeshika ya zamani.

Kwenye tukio la Validating (ukaguzi mtu anapotaka kuhama kisanduku) wengi huweka e.Cancel = true, na mtumiaji ananaswa kwenye kisanduku: hata kitufe cha Ghairi hakimjibu. Kipe kitufe hicho CausesValidation = false, kisianzishe ukaguzi. Afadhali zaidi, weka AutoValidate ya fomu iwe EnableAllowFocusChange ili mtu aweze kuhama, onyesha kosa kwa ErrorProvider (alama ya kosa) pembeni ya kisanduku, kisha kwenye Hifadhi uite ValidateChildren(), inayokagua visanduku vyote, na usihifadhi ikirudi false. Hapo e.Cancel ibaki, kwani ndiyo inayoirudisha hiyo false. Ujumbe uwe wa kueleweka: "Umeandika 985. Uzito wa gunia usizidi kilo 200." Si "Ingizo batili".

Aina za data nizipitie haraka. Uzito na pesa ni decimal. Double usiitumie, 0.1 ukijumlisha na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Jumla ya shilingi usiiweke kwenye int (aina ya namba nzima), mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa mfano wa shilingi 700 kwa kilo na gunia la kilo 100, ukifika gunia la 30,679 jumla inageuka hasi, na C# kwa kawaida hailalamiki. Namba ya simu si namba ya kuhesabia: iweke kama maandishi, vinginevyo sifuri ya mbele inapotea. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, vilevile: tarakimu zake 20 hazienei hata kwenye long, aina ya namba nzima iliyo kubwa kuliko int.

Kabla hujamkabidhi karani, jaribu mwenyewe haya kwenye kisanduku cha uzito: tupu, 0, -5, 98,5, 9.8.5, 1,200, 98.5 yenye nafasi mwishoni, na 985 uliyobandika kwa mausi. Ile yenye nafasi mwishoni ndiyo pekee inayotakiwa kupita. Kisha badilisha mpangilio wa nchi kwenye Windows urudie zote.

Nitumie majibu kabla ya mnada wa Jumamosi, na unisalimie shemeji.

Wako,
wa Area C