Risasi ya hewani ina mahali inakoangukia

Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika juzi kuhusu wizi wa mchana katikati ya jiji alitushauri sisi wafanyabiashara tutafute leseni, tununue bastola, na jambazi akijitokeza tufyatue moja hewani, naye atatimua mbio. Naomba nafasi nimjibu, maana mimi ni mmoja wa hao anaowashauri. Nina duka la vipuri vya magari Barabara ya Kirinyaga, nyumbani ni Kasarani, leseni ninayo na bastola ninayo. Hewani sifyatui.

Risasi haiyeyuki angani. Inapanda, inachoka, inarudi, na Nairobi hii haina mahali pasipo na mtu. Kuna ghorofa za Pipeline ambako nguo za jirani mmoja zinaning'inia mbele ya dirisha la mwingine, kuna mabati ya Mathare, kuna mama mboga na wanafunzi wanaosubiri matatu. Ile inayopigwa mshazari ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa hufika mbali ikiwa bado na nguvu zake. Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko wakati polisi walipokuwa mtaani. Taarifa ya polisi ilizungumzia risasi iliyopotea njia. Ikiwa risasi za waliopitia chuo cha polisi hupotea, yangu mimi muuza bea na breki itamkuta nani?

Sheria nayo haikuandikwa kwa ajili ya vitisho. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Adhabu kinasema kwamba mtu aliyetumia nguvu kujilinda au kulinda mali yake atapimwa kwa kanuni za sheria ya kimazoea ya Uingereza. Kwa lugha yetu ya dukani, utaulizwa mawili: je, ilikubidi? Na je, nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokukabili? Kijana anayekimbia na simu yako amekupa kisogo, na hatari imeondoka naye. Ukimpiga risasi ya mgongo, simu ile itakugharimu miaka mingi.

Sasa niseme kuhusu mafunzo, kwa sababu naona wengi wanaopata leseni hudhani kazi imeisha pale wanapokabidhiwa kadi. Tangu Desemba 2018, serikali ilipoamuru kila raia mwenye silaha apigwe msasa upya, tumezoea kuulizwa maswali kuhusu sisi ni nani: cheti cha tabia njema, alama za vidole, akili timamu. Maswali mazuri hayo. Lakini mtu anaweza kuwa na tabia njema na asijue kutoa risasi kwenye bastola yake mwenyewe.

Mwalimu wetu ni mwanajeshi mstaafu, na uwanja wake wa shabaha uko nje kidogo ya jiji, upande wa Kiambu. Siku ya kwanza hakutukabidhi hata risasi moja. Mwenzetu mmoja mwenye malori alinuna, akasema amelipa pesa zake apige shabaha. Mwalimu akamjibu, "Mzee, wewe kwanza nionyeshe kwamba hiyo ni tupu." Tukashinda kutwa kwenye hilo. Magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, hutoka kwanza. Ndipo chuma cha juu kinavutwa nyuma, risasi iliyo kwenye chemba, yaani ile iliyokwisha kuingia tayari kufyatuliwa, iruke nje. Ndipo unachungulia kwa jicho na kupitisha kidole, kwa sababu gizani jicho hudanganya. Anayegeuza mpangilio, akavuta chuma kwanza na kutoa magazini baadaye, amejipakilia risasi nyingine huku akiamini bastola ni tupu. Risasi ya namna hiyo ndiyo inayokutana na watoto sebuleni.

Zipo kanuni nne ambazo wapiga shabaha hufundishwa karibu kote duniani, na aliyezipanga zikashika hivyo ni Mmarekani Jeff Cooper, aliyekuwa afisa wa jeshi la Marines. Kila bunduki ichukulie kuwa ina risasi. Usiielekeze kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kisiguse triga mpaka macho yako na alama za kulengea viwe juu ya shabaha. Jua shabaha yako ni nini na nyuma yake kuna nini. Msomaji wenu na risasi yake ya hewani ameivunja hiyo ya nne kabla hajamwona jambazi.

Kanuni ya kidole nayo ina sababu yake kwa sisi wa Nairobi. Bastola ya Ceska 75 ya kawaida, ambayo wengi tunaijua kwa jina kupitia magazeti, ina kitufe cha usalama pembeni. Glock haina kitufe hicho. Usalama wake wa nje uko kwenye triga yenyewe, na ukiivuta kwa kidole, au ikinaswa na kamba ya koti, itafyatuka. Kwa hiyo bastola hukaa kwenye kifuko kigumu kinachoifunika triga yote. Kuitupa ndani ya mkoba pamoja na funguo na rozari ni wazimu, na tena mkoba ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa ukipita River Road. Mimi hubeba kiunoni, chini ya sweta. Sketi zangu kadhaa nilizipeleka kwa fundi zitiwe mahali pa mshipi mpana.

Nina neno kwa akina mama wenzangu. Wauzaji watawaambia mnunue bastola ndogo kwa sababu mikono yenu haina nguvu. Msikubali upesi. Mara nyingi bastola ndogo ina springi ngumu zaidi kuvuta, na teke lake mkononi ni kali zaidi. Chuma cha juu kikikushinda kukivuta, kishike kwa kiganja cha kushoto kutoka juu, uiweke bastola karibu na kifua, mdomo wake ukielekea kwenye shabaha, kisha sukuma mpini mbele kwa mkono wa kulia. Unausukuma mwili wa bastola badala ya kupigana na springi. Nimemwona nyanya aliyenizidi umri akifanya hivyo bila kutokwa jasho.

Kulenga kuna siri yake. Jicho huangalia alama ya mbele ya bastola, hiyo ndiyo iwe wazi, na shabaha ikubaliwe kuwa na ukungu. Kwa kijana hilo ni rahisi. Kwa mtu wa umri wangu anayevaa miwani ya kusomea chini na ya kuona mbali juu, ni mtihani: ukitazama kwa juu alama inapotea, ukitazama kwa chini unainua kidevu kama mwimbaji wa kwaya. Daktari wa macho alinitengenezea miwani nyingine kwa kazi hiyo. Lakini usiku wa manane nitakuwa na ile iliyo karibu na kitanda, kwa hiyo hufanya mazoezi na zote.

Halafu triga. Huvutwa moja kwa moja nyuma bila pupa, kama fundi anavyokaza plagi kwa mkono akihisi uzi wake. Aliyetuonyesha ubaya wa pupa ni yule mwenye malori. Risasi zake zote zilikuwa zinatua chini ya shabaha, naye akailaumu bastola. Mwalimu akachukua magazini yake, akageuka, akachanganya risasi za kweli na za bandia zisizolipuka, akamrudishia bila kusema. Ilipofika ya bandia, bastola haikulia, lakini tuliona mdomo wake ukiinama chini kwa nguvu. Mkono ulikuwa unaogopa kishindo kabla hakijaja. Tangu siku hiyo hailaumu silaha. Dawa yake ni kuvuta triga nyumbani bastola ikiwa tupu, risasi zikiwa chumba kingine kabisa, dakika chache tu kila jioni. Ni bure, nazo risasi za mazoezi si bei ya sukuma wiki.

Na hata ukiyajua yote hayo, kuna umbali. Mwaka 1983 sajenti mmoja wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika kuhusu majaribio yake: mtu mwenye kisu akiwa futi 21 kutoka kwako, yaani mita 6.4 hivi, hukufikia kwa sekunde moja na nusu. Ni muda ule ule ambao mtu aliyezoea anahitaji kuchomoa na kufyatua. Barabara ya Kirinyaga hakuna anayekaa mbali nawe mita sita. Kwa hiyo mtu akinisimamisha na kisu akitaka pesa, nitampa pesa. Kilichopunguza hatari yangu kuliko bastola ni kwamba siku hizi wateja wangu wa jumla hulipa kwa simu, na jioni sitoki dukani na mfuko uliovimba.

Najua kuna watakaonitajia Westgate, jengo la maduka hapa Nairobi lililovamiwa na magaidi tarehe 21 Septemba 2013, ambapo raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia na kuwatoa watu. Ni kweli, na nawapa heko mpaka leo. Lakini kumbukeni pia palivyokuwa mle ndani: wanunuzi wakikimbia, watoto, askari waliovaa kiraia, na iliripotiwa kwamba hata vikosi vyetu vilifyatuliana risasi. Kutambua nani ni nani ndiko kulikokuwa kazi.

Ombi langu kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha: kila mwaka leseni inapofanywa upya, mwenye silaha asimame mbele ya mwalimu, aitoe risasi, aipakie, na apige shabaha ya mita saba. Atakayeshindwa aiache silaha yake hapo mpaka afuzu. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Nyumbani kwangu nimepima kuta. Ukuta wa chumba changu cha kulala umepakana na chumba cha watoto wa jirani, kwa hiyo upande huo haufyatuliwi kamwe, liwe liwalo. Upande wa mlango, nyuma yake ni ngazi na ukuta wa mawe. Tumekubaliana na dada wa kazi na wajukuu wanaokuja likizo: kukisikika mlango unavunjwa, wote waje chumbani kwangu, tufunge, tupige 999, tukae. Siendi sebuleni kumtafuta mtu. Bastola hukaa kwenye kasiki lililofungwa kwa bolti ukutani, na watoto wanajua wakiona silaha mahali popote wasiiguse, waondoke, wamwite mtu mzima.

Jina langu, Mhariri, naomba ulihifadhi. Jambazi akijua duka fulani lina bastola, hiyo bastola ndiyo atakayoijia.

Muuza vipuri,
Kasarani, Nairobi