Tulikimbia Kibuye bila kujua tunakimbia nini

Kwa Mhariri,

Jumapili iliyopita nilikuwa soko la Kibuye hapa Kisumu nanunua omena, mara naona watu wanatoka mbio upande wa mitumba, na mimi bila kuuliza nikashika mtoto wangu mkono nikakimbia pia, yaani miguu ilianza kabla kichwa hakijajua kuna nini. Mama aliyekuwa ananipimia aliangusha gorogoro, omena yote ikamwagika chini watu wakaikanyaga. Kumbe ni tairi ya lori imepasuka. Tairi tu!

Sura ya yule mama imekataa kunitoka. Nilirudi nikampa mia mbili, lakini hasara yake ilikuwa kubwa.

Na hii kitu ya kukimbia bila kujua inaua. Aprili 2015, siku chache baada ya magaidi kushambulia Chuo Kikuu cha Garissa, stima ililipuka usiku kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wengine wakaruka kutoka ghorofani, mmoja akafariki na zaidi ya 100 wakaumia. Adui hakuwepo.

Si eti watu ni wajinga, ukiona mwenzako ametoka mbio mwili haungoji maelezo. Na sisi wa Kisumu tumeona ghasia za uchaguzi 2007, tukaziona tena 2017, mlio wowote tunasikia teargesi. Naomba wanaosimamia soko waweke vipaza sauti na njia zisizibwe na bidhaa, ndio anayejua ukweli autangaze mapema watu wasimame.

Mnunuzi wa Kibuye,
Kisumu