Mafundi tuache kubadili sensa za oksijeni bila kupima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa Mbeya. Siku hizi taa ya injini ikiwaka, wengi wetu tunachomeka mashine ya kusoma hitilafu, tunasoma namba ya kosa, kisha tunamtuma mteja dukani akanunue sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa injini. Analipa, taa inazimwa, baada ya siku chache inawaka tena.

Hivi karibuni nililetewa gari la mzee mmoja anayeshusha parachichi kutoka Tukuyu. Gereji nyingine walikuwa wameshambadilishia sensa ya mbele, ile iliyo karibu na injini, kwa sababu mashine ilitoa namba P0171, yaani hewa nyingi, petroli kidogo. Gari likaendelea kunywa mafuta. Nilimwomba aliache lilale gereji, nikaliwasha alfajiri, na kwa baridi ya Uyole injini ilikuwa imepoa kabisa. Pale manifodi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi, inapofungwa kwenye silinda hedi, kichwa cha injini, nikasikia tsi, tsi, tsi, na masizi yalikuwa yamechora mstari mweusi juu ya chuma. Gasketi, ule mpira au bati la kuziba maungio hayo, imeungua.

Tundu la namna hiyo halitoi moshi tu. Kati ya msukumo mmoja wa moshi na unaofuata linavuta hewa ya nje, na hewa hiyo inapita kwenye sensa. Sensa inaiambia kompyuta kuna oksijeni nyingi, kompyuta inaongeza petroli isiyohitajika. Sensa imesema kweli tupu, halafu sisi tunaing'oa!

Kupima ni kazi ya dakika chache. Kwa sensa za kawaida za zirkonia (aina ya kauri), injini ikishapata moto, volti zinapanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9. Kanyaga mafuta ghafla, zinapanda. Achia, zinaanguka karibu na sifuri. Zikifuata hivyo, sensa ni nzima, tafuta kwingine. Zikiganda kwenye 0.45, anza na fyuzi na waya za hita yake, maana isipopata joto la nyuzi 300 hivi haifanyi kazi. Magari mengi ya karibuni yana sensa ya mbele ya aina nyingine, vipimo vyake ni tofauti. Hapo fungueni kitabu cha gari.

Nanyi wenye magari, kabla ya kutoa hela mwambieni fundi awaonyeshe volti hizo kwenye kioo cha mashine, injini ikiwa inaunguruma. Akikataa, ondokeni na gari lenu.

Fundi umeme wa magari,
Uyole, Mbeya