Mashine zizimwe, ndege anawinda

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua. Mimi ni sajenti mstaafu, naishi Bombo. Kiswahili changu ni cha kambini, kwa hiyo ngeli zikipotea unisaidie kuzirudisha.

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kwenye bwawa la Mabamba, kule magharibi ya Entebbe, nikamwone ndege ambaye Waganda humwita bbulwe, na Waingereza shoebill. Tulipanda mtumbwi wa mbao: sisi wawili, kijana wa kutuongoza, na mzee mmoja nyuma na kafi lake. Njia ya maji ni nyembamba, mafunjo yamempita mtu kimo, na majani ya yungiyungi yanakwaruza ubavu wa mtumbwi. Kijana, akichanganya Kiswahili na Kiganda kwa ajili yangu, akanong'ona, "Mzee, hapa mmamba ni wengi." Nikakamata ukingo kwa mikono miwili. Mjukuu alicheka hadi mtumbwi ukayumba. Kumbe mmamba wa Waganda ni samaki, yule yule kamongo wa wenzetu wa Kisumu! Kijana mwenyewe ni wa ukoo wa Mmamba, hamli, ni mwiko wao.

Samaki huyo ana mapafu, lazima apande juu kuvuta pumzi. Hapo ndipo bbulwe humvizia. Tulimkuta amesimama topeni, rangi ya majivu, mdomo mpana kama buti la jeshi. Nimelinda malango mengi usiku, lakini sijawahi kusimama vile. Mzee akalaza kafi mapajani. Hakuna aliyekohoa. Baada ya muda mrefu ndege akaanza kuinamisha shingo, polepole, na mimi nikajua sasa anashuka.

Ndipo mtumbwi wa mashine ukaingia na wageni wanne wenye kamera. Mmoja akawa anamwashiria kiongozi wao asogee, asogee tena. Yule kiongozi alitutazama kwa haya, kisha akasogea. Ndege akaruka. Maji yakabaki na viduara tu, na wageni wakafurahia picha za mabawa.

Siwalaumu wageni, wamelipa na wametoka mbali. Wala simlaumu kiongozi wao aliyekuwa akiwaza ada ya shule. Kilichokosekana pale ni amri. Bwawa hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu za dunia, mwaka 2006, na kwenye ramani linalindwa. Nataka lilindwe na pale njiani: mashine iishie mdomoni mwa mafunjo, ndani liingie kafi na upondo, na umbali wa kumkaribia ndege ujulikane kwa wote. Kiongozi akisema "hapa basi," wakubwa wake wasimame naye, hata mgeni akinuna.

Yule mzee wa kafi alituambia kwamba zamani wavuvi walikuwa wakimuua bbulwe, kwani ukimwona asubuhi, walisema, nyavu zitarudi tupu. Leo watoto wao wanalishwa na ndege huyo huyo. Kwa hiyo wanakijiji walishabadilika. Sasa ni zamu ya wanaopanga safari.

Mjukuu wangu alibaki na picha moja tu ya siku ile: miguu ya ndege juu kabisa, na chini yake nusu ya mashine ya wenzetu.

Sajenti mstaafu,
Bombo