Barua kwa Zuhura: yale maji ya dripu

Mwanangu Zuhura,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila bibi yako miguu inamsumbua, na umeme unakatika kila jioni, ndiyo maana nakuandikia asubuhi hii kabla sijaenda shamba. Usiku ule uliponipigia unalia, uliniuliza swali moja nikalikwepa. Nikakwambia mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima, mwanangu.

Ulisema baba mmoja amekufokea mbele ya wodi nzima. Mtoto wake ana homa kali, mikono ya baridi, anahema kwa shida, na wewe umemwekea dripu inayodondoka tone moja moja. "Mtoto anakufa, wewe unahesabu matone!" Ndipo ukaniuliza: "Mama, nyie enzi zenu watoto kama hawa mlikuwa mnawafanyaje?"

Tulikuwa tunafungulia maji.

Ninyi mmeukuta mwongozo wa kutomjaza mtoto maji kwa kasi umeshabandikwa ukutani, hamjui ulikotoka. Sisi, mtoto akiletwa amelegea, tulikuwa tunambana ukucha mpaka uwe mweupe, tunaachia, tunahesabu sekunde. Damu ikichelewa kurudi, unatafuta mshipa. Mshipa wa mtoto wa miaka 2 aliyezidiwa ni kama uzi chini ya ngozi. Mara nyingine niliupata kichwani, juu ya sikio. Ukishaupata unatundika maji ya chumvi, unafungua mrija mpaka mwisho. Nikiona yanakwenda polepole niliiminya chupa kwa kiganja.

Na walikuwa wanapata nafuu! Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Saa moja haijaisha, mikono imepata joto, mapigo yanashikika, mama mtu anatuombea dua. Kuna mmoja wa kiume, miaka 3 hivi, alifungwa hirizi mkononi nikaisogeza juu ya kiwiko ili nipate mshipa. Saa 4 usiku aliomba uji. Nikacheka kwa furaha, nikamwambia mwenzangu wa zamu, huyu amerudi. Saa 11 alfajiri nilikuwa namfunika shuka.

Tulikuwa na majibu yetu. Malaria ilishapanda kichwani. Wamechelewa kumleta. Wameanzia kwa mganga. Kina mama waliofiwa tuliwasema sana, Mungu atusamehe.

Mwaka 2009 ukaanza utafiti ulioitwa FEAST, wa kupima maji hayo ya haraka, katika hospitali 6: moja Kilifi huko Kenya, moja hapo Muheza, Tanga, nne Uganda. Aliyeuongoza ni Daktari Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi. Hospitali yangu haikuwamo. Habari nilizipata kwa wenzangu, kwenye daladala na misibani. Huko Ulaya na Marekani mtoto wa namna hiyo hujazwa maji haraka haraka. Huku kwetu miongozo ya Shirika la Afya Duniani ilitaka maji ya haraka yawe kwa waliozidiwa kabisa tu, na wengi wakaona watoto wa Kiafrika wanapunjwa. Watafiti wenyewe walitarajia maji yatawaokoa.

Watoto waligawanywa kwa kura, bahasha zimefungwa, hakuna daktari wala nesi wa kuchagua. Fungu moja walipewa maji ya chumvi kwa kasi. Fungu jingine walipewa albumini, ile protini itokanayo na damu ya watu, ambayo ni ghali. Fungu la tatu hawakupewa maji ya haraka. Walipata yale ya polepole tu. Dawa ya malaria, antibiotiki, oksijeni na damu kwa aliyepungukiwa, hizo zilikuwa za wote.

Mitaani watu walinong'ona mambo ya mumiani, kama kawaida yetu wa pwani mtu akionekana na sindano na karatasi. Ningewacheka, lakini na mimi nilikuwa na mumiani wangu: lile fungu la tatu. Nilimwambia rafiki yangu wa Muheza tukiwa matangani, "Hivi mtoto wa nani huyo mnayemnyima maji kwa kura?" Akaniangalia, akasema, "Dada, na wewe unayempa, nani kakwambia yanamfaa?" Nilinuna. Sikumsemesha mpaka arobaini ya marehemu.

Januari 2011 ukasimamishwa. Walikusudia watoto 3,600, walikuwa wamefika 3,141. Ipo kamati ya wataalamu wasio sehemu ya timu, kazi yao kuchungulia takwimu utafiti ukiendelea, na wao ndio walioona mambo yanakwenda kinyume. Matokeo yalitoka mwaka huohuo. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya chumvi kwa kasi walikufa asilimia 10.5, wa albumini 10.6. Wale walionyimwa, niliowaonea huruma, asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto 100 tuliowafungulia maji, watatu hivi walikufa ambao wangebaki.

Nilikaa barazani na karatasi ya matokeo hayo mpaka chai ikapoa. Nikaanza kuhesabu miaka yangu wodini, zamu za usiku, chupa nilizoziminya. Nikaacha, kwa sababu hesabu ile haina mwisho. Huwezi kujua ni yupi. Labda yule wa hirizi angekufa tu hata bila maji. Labda asingekufa.

Baadaye walichambua zaidi, wakakuta kitu nilichokuwa nakijua kwa mikono yangu bila kukielewa. Baada ya saa moja, waliopewa maji ya haraka ndio waliokuwa na hali nzuri zaidi: mzunguko wa damu ulishatengemaa kwa asilimia 43 kati yao, dhidi ya 32 ya wasiopewa. Macho yetu hayakutudanganya. Walipata joto kweli. Kilichowaua kilikuja nyuma yake. Watu walidhani ni mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba, lakini kwa wengi ilikuwa moyo na mzunguko wa damu kuanguka. Sasa nesi mmoja, usiku, na vitanda vyenye watoto wawili wawili, angeyaonaje hayo? Tofauti ya watoto watatu katika mia haionekani kutoka kando ya kitanda. Inahitaji maelfu, na bahasha.

Angalia lakini usije ukawakausha wote. Wa kuhara na kutapika wana habari yao, hao hawakuingizwa kwenye utafiti ule, wala wenye utapiamlo mkali. Wa kuhara aliyekaukiwa mpe maji kama ulivyofundishwa. Nayasema haya kwa sababu nimewahi kumwona mtu amesikia nusu ya habari akaogopa dripu kabisa.

Kubadilika kulichukua muda. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ilikuja kurekebishwa mwaka 2016, na wodini tulibishana miaka yote hiyo. Halafu ilinganishe na habari ya artesuneti, sindano ya malaria kali iliyochukua nafasi ya kwinini. Mwaka 2010 utafiti mwingine wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika ulionyesha vifo asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Hiyo tuliipokea kwa vigelegele! Nani alikuwa anaipenda kwinini, kumlinda mtoto saa 4 nzima na dripu, sukari inashuka, masikio yanavuma? Ile ilitupa kitu kipya cha kufanya. Hii ya maji ilitwambia tuache, na mikono ya nesi haijui kukaa bure mbele ya mtoto anayehema vile.

Ndiyo maana yule baba simlaumu. Ningekuwa mimi mwaka 2005, ningekuvuta pembeni nikufokee zaidi yake. Usimtajie asilimia. Kaa naye kwenye benchi, mwonyeshe jinsi ya kumbana mtoto ukucha, ahesabu mwenyewe, na mwambie kila dawa uliyompa na saa uliyompa. Hata akikunyamazia, kaa.

Machungwa nimekupakilia kwenye basi la asubuhi, kiroba kimeandikwa jina lako kwa kalamu nyekundu. Mengine wape wenzako wa zamu.

Na unijulishe yule mtoto ameamkaje.

Mimi mama yako.