Jumamosi: wavu wa modeli

Wakuu, habari za jioni. Tunakutana Jumamosi saa 4 asubuhi, palepale Mwanga, tumalizie ile modeli ya kompyuta ya bamba lenye tundu, ya kukokotoa mkazo (nguvu kwa kila eneo).

Ombi: msijaze macho ya wavu wa dagaa modeli nzima. Kwenye 3D, ukipunguza elementi (vipande vidogo vinavyounda wavu) ziwe nusu ya ukubwa kila upande, idadi inakuwa mara 8, na laptop zetu mnazijua. Bana wavu (elementi ndogo) pembeni mwa tundu tu, kisha panua taratibu ukienda mbali. Rudia kwa kubana zaidi mpaka jibu la mkazo litulie, lisibadilike tena. Kwa bamba pana linalovutwa, ukingoni mwa tundu dogo ni karibu mara 3 ya mkazo wa mbali na tundu.

Kona kali ya ndani isiyoviringwa haitulii kamwe, kila ukibana mkazo unapanda. Msikeshe nayo. Chaji laptop kabisa, umeme hauaminiki.